Umeweka namba ngapi? Habari ya shokapu za kurekebisha kwenye Cruiser 80

Mtu akishafunga shokapu za kurekebisha, zile zenye kinobu cha kuzungusha cha namba 1 (laini) mpaka 9 (ngumu), kila anayekutana naye gereji anamuuliza swali moja, umeweka namba ngapi? Na jibu ninalolisikia mara nyingi huku Arusha ni 7, ni 8, wengine 9 kabisa mpaka kinobu kinagoma, na maelezo ni yale yale, gari nzito inataka shokapu ngumu, barabara mbovu inataka shokapu ngumu, sasa umetoa hela yote ile halafu uziweke laini ili iweje? Mi nalipinga hili kwa moyo wote na ndo maana leo naandika kwa urefu. Namba sahihi ni ile ndogo kuliko zote ambayo bado inazuia bodi isinese. Ukishaipita hiyo, kila namba unayoongeza inalipwa na tairi, bushi (raba za kwenye maungio), mabati ya bodi na migongo ya watu uliowapakia.

Gari ninayoizungumzia ni Land Cruiser 80, hii iliyoanza kutoka Japani 1990 na ambayo wengi wanaiita VX hata kama siyo VX. Chini ni gari rahisi kuielewa, ekseli nzima mbele, ekseli nzima nyuma, koili springi nne, na shokapu zimesimama zenyewe pembeni ya springi, siyo kama gari ndogo nyingi ambapo springi imevishwa kwenye shokapu. Tupu tu inapita tani mbili, na ukiweka keria juu, hema, madumu ya mafuta na maji, watu watano na mabegi yao, umeongeza kilo mia kadhaa bila hata kujua. Kwa kujifunzia iko vizuri sana kwa sababu ukigusa shokapu umegusa shokapu tu, hujagusa kitu kingine.

Sasa kuna mkanganyiko mmoja inabidi tuuondoe kwanza maana bila hapo mengine yote hayaeleweki. Anayebeba gari ni springi. Gari ikiwa imesimama, shokapu haibebi kitu cha maana, mzigo wote uko kwenye koili. Kwahiyo kama umepakia na nyuma imekaa chini, zungusha mpaka 9 nyuma itaendelea kukaa chini vile vile, dawa ya hapo ni springi nzito zaidi, tena ukiweka shokapu ngumu juu ya springi iliyochoka unapata gari inayogonga na bado iko chini. Kazi ya shokapu ni kuzuia mwendo, na inazuia kulingana na kasi ya ule mwendo. Ni kama bomba la sindano lenye maji, ukisukuma taratibu yanatoka bila shida, ukisukuma kwa nguvu ya ghafla linakukatalia. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye matundu inapita kwenye oili, juu na chini ya matundu kuna visahani vyembamba vya chuma vinavyopinda kuruhusu oili ipite pale presha ikizidi, na jinsi hivyo visahani vilivyopangwa kiwandani ndo tabia ya shokapu yenyewe.

Kinobu je kinafanya nini? Kwenye shokapu nyingi za aina hii kinafungua au kubana njia ndogo ya pembeni ambayo oili inapita bila kusubiri visahani vipinde. Namba ndogo, njia iko wazi. Namba kubwa, njia imebanwa. Hii maana yake ni kwamba kinobu kinasikika zaidi kwenye miendo ya polepole ya bodi, gari kuinama kwenye kona, pua kuzama ukifunga breki, bodi kunesa baada ya tuta. Pigo la ghafla, jiwe au shimo lenye ukingo mkali, bado linaamuliwa sana na visahani vya kiwandani, na ndo maana mtu aliyenunua shokapu ambayo asili yake ni ngumu mno kwa gari yake anaweza kuiweka 1 na bado ikamgonga, hapo hana la kufanya zaidi ya kubadilisha au kutafuta mtu wa kuifungua na kupanga visahani upya.

Na namba zenyewe hazilingani kati ya kampuni na kampuni. Rancho RS9000XL ina namba 9, Tough Dog za Australia zile za kurekebisha nazo zina 9, ukija kwenye zile za gari ndogo Tein Flex Z ina ngazi 16, BC Racing BR ina kliki 30, na Koni za njano nyingi hazina hata namba, kwenye baadhi ya gari inabidi uitoe shokapu nje, uibonyeze mpaka mwisho ndo uizungushe, na hapo unachorekebisha ni upande wa kurudi peke yake. Tein wao wanahesabu kuanzia kwenye ugumu wa mwisho kurudi nyuma, kwahiyo mtu akikwambia yuko kliki ya 14 anaweza kuwa laini sana wakati we unadhani ni ngumu. Kunakili namba ya jirani kwahiyo hakukusaidii, labda kama mna gari moja, springi moja, tairi moja na mzigo mmoja.

Nimetaja upande wa kurudi, tukae hapo kidogo maana ndo penye utamu wote. Shokapu ina pande mbili za kazi, kubonyea pale tairi linapopanda, na kurudi pale springi inapolisukuma tairi chini tena. Wengi wanafikiria kubonyea tu kwa sababu ndo kunasikika mgongoni. Kumbe kwenye shokapu nyingi za barabarani nguvu kubwa imewekwa kwenye kurudi, maana springi iliyobonyea imeshika nguvu nyingi na bila mtu wa kuizuia itairusha bodi juu. Kinobu kimoja mara nyingi kinabana pande zote mbili kwa pamoja, kwahiyo ukiongeza namba kwa ajili ya kuzuia kunesa unakuwa umepunguza pia kasi ya tairi kurudi chini. Kwenye lami hilo halikusumbui. Kwenye vumbi ndo balaa linapoanzia.

Chukua ile barabara ya kutoka geti la Loduare la Ngorongoro, unapita juu ya kreta, unashuka kuelekea Naabi Hill, geti la Serengeti. Kila anayeijua anajua yale mawimbi madogo madogo ya vumbi gumu, yamejipanga kama mabati. Mawimbi ya namna hiyo mara nyingi yanapishana nusu mita mpaka mita moja. Ukienda 50 kwa saa, ambayo ndo kikomo ndani ya Serengeti, unatembea karibu mita 14 kila sekunde, kwahiyo kila tairi linapigwa kati ya mara 14 na mara 28 kwa sekunde moja. Bodi ya gari kama hii yenyewe inataka kunesa mara moja au moja na nusu hivi kwa sekunde. Ona tofauti hiyo. Bodi haina haraka kabisa, tairi ndo lina haraka, na shokapu moja inatakiwa iwahudumie wote wawili.

Sasa ukiwa umebana mpaka 8, tairi linapigwa linapanda, linaanza kurudi, kabla halijafika chini limepigwa tena. Linapanda kutoka pale lilipofikia. Linapigwa tena. Kidogo kidogo springi inabaki imebonyea, gari inazama inchi kadhaa huku inatembea, na sasa unaendeshea juu ya raba za kugotea, zile zinazozuia ekseli isigonge bodi, na nafasi ya springi imeisha. Dereva anasikia gari inagonga gonga, nyuma inaanza kutambaa pembeni kwenye kona ambayo haina hata ukali, usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya kutisha, na cha kwanza kinachomjia kichwani ni kwamba shokapu ni laini, aongeze. Anaongeza. Inakuwa mbaya zaidi.

Hii kitu unaweza kuiona kwa macho. Mwombe mtu asimame pembeni ya kipande chenye mawimbi na simu, arekodi kwa ile video ya polepole huku we unapita, aelekeze kwenye tairi la nyuma na ukingo wa bodi juu yake. Angalia ile nafasi kati ya tairi na ukingo. Shokapu ikiwa sawa, tairi linacheza juu chini haraka haraka na nafasi inabaki wastani ule ule mwanzo mpaka mwisho, bodi inapita imetulia. Ikiwa imebanwa kupita kiasi utaona nafasi inaanza kubwa na inapungua kadri gari inavyosonga, na vumbi linaruka kwa vipande vipande badala ya kutoka kama mkia mmoja, maana tairi linaruka hewani linagusa, linaruka linagusa. Tairi lililo hewani halina breki wala usukani, na kwenye ile barabara unapishana na malori na gari za watalii.

Fundi mmoja pale Unga Ltd, hapa Arusha, mzee aliyetengeneza gari za safari miaka mingi, siku moja nilikuwa naye chini ya gari akaniambia, "Mdogo wangu, shokapu ikiwa ngumu kuliko springi, springi inakuwa pambo." Nikamuuliza, "Sasa mzee mbona madereva wenyewe ndo wanataka ngumu?" Akasema, "Kwa sababu wanaijaribu hapa mjini kwenye lami, ikiwa haiinami wanafurahi. Mimi nawaambia waende nayo Engaruka wakarudi." Ile ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka mpaka Ngaresero, mchanganyiko wa vumbi, mawe ya volkano na makorongo, kweli ndo mahali pa kujua shokapu imekaaje.

Jinsi ninavyoipanga mimi ni hivi. Kabla ya kugusa kinobu nakagua vitu vingine, upepo wa tairi kwanza, maana tairi lililojazwa sana linaiga shokapu ngumu na watu wengi wanahangaika na vinobu wakati shida iko kwenye upepo. Mi lami natembea na PSI 36, nikiingia vumbi refu nashusha mpaka 28 hivi. Halafu bushi za shokapu juu na chini, bushi za mikono ya ekseli, raba za kugotea kama bado zipo, na shokapu yenyewe kama inavuja oili. Bushi iliyolegea inagonga, na kugonga huko hakutaisha kwa namba yoyote ile.

Baada ya hapo kinobu. Kwenye shokapu zangu kipo chini karibu na ekseli, yaani mahali pa kupigwa na kila aina ya tope, kwahiyo naanza na brashi na maji, nikisafisha mpaka naona namba, ndo nazungusha kwa mkono. Kikigoma sikilazimishi na plaizi, naweka dawa ya kulainisha kutu nasubiri, kwa sababu ndani kuna kipini kidogo tu na ukishakikata una shokapu iliyokwama kwenye namba ile ile maisha yake yote. Kinaingia kwa kliki, na kila namba nahakikisha kliki imekaa, siachi katikati ya namba mbili. Kushoto na kulia lazima viwe sawa. Mbele na nyuma siyo lazima na mara nyingi haviwi.

Naanza 1 zote nne. Najua wengi hapa wanashtuka lakini ndo njia, maana ukianzia juu hujui umepitiliza kwa kiasi gani, ukianzia chini unakutana na namba sahihi ukiwa unapanda. Natafuta tuta la kawaida la kijijini, napita 30 kwa saa, nasikiliza bodi. Inapanda, inashuka, inatakiwa itulie hapo. Kama inapanda tena mara ya pili, naongeza namba moja kwenye ekseli ile inayonesa, mbele au nyuma, siyo zote kwa pamoja, halafu narudia tuta lile lile kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule. Pale inapoacha kupanda mara ya pili ndo nasimama. Kisha naipeleka kwenye kona za lami, kile kipande cha kupanda ukuta wa bonde la ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia kinafaa sana, kona zinafuatana na unasikia gari inavyohamisha uzito kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kama inachelewa kukaa kwenye kona ya pili kwa sababu bado inamalizia kuinama kwa ya kwanza, namba moja zaidi. Tena hapa watu wanapaswa kuelewa kwamba shokapu haipunguzi kiasi ambacho gari itainama kwenye kona ndefu, inapunguza tu kasi ya kufika huko. Kiasi chenyewe kinaamuliwa na springi, stabilaiza (ile fimbo ya chuma inayopunguza gari kuinama) na urefu wa ule mzigo uliopakia juu ya keria.

Mwisho vumbi. Hapo sitafuti namba ya kuongeza, natafuta sababu ya kupunguza. Kama kwenye mawimbi gari inazama au nyuma inatambaa, narudisha namba moja hata kama kwenye lami ilikuwa tamu ile ya juu. Barabara ndefu na mbaya ndo inayopewa kipaumbele.

Kwa springi nilizonazo, gari ikiwa tupu inakaa vizuri na 3 mbele na 3 nyuma. Nikipakia kwa safari, keria na hema juu, madumu nyuma, mbele inakuwa 4 na nyuma 5, na sijawahi kuona sababu ya kwenda 6. Mzigo unataka namba zaidi kwa sababu uzito uliobebwa umeongezeka na springi ikishabonyea na uzito huo inarudisha kwa nguvu kubwa zaidi, ni halali kabisa kuongeza. Kosa ni kurudi nyumbani, kushusha kila kitu, halafu mwezi mzima unaendesha gari tupu mjini na namba za safari. Kazi ya kushuka chini na kurudisha vinobu vinne ni ya dakika chache tu, aisee fanya, ndo kitu ulicholipia.

Kuna watu wataniambia mbona gari za rali ni ngumu. Siyo ngumu kwa maana hiyo. Safari Rally iliyoanza 1953 imekuwa shule ya shokapu kuliko barabara nyingine yoyote duniani, na gari zilizotengenezwa kwa ajili yake zilinyanyuliwa, zikapewa nafasi ndefu ya springi kupanda na kushuka, zikaachwa zicheze. Iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021 pale Naivasha, Kenya, dereva Thierry Neuville aliingia Jumapili asubuhi anaongoza kwa karibu dakika moja, kwenye hatua ya Loldia shokapu ya nyuma kulia ikavunjika, mashindano yakamuishia hapo, Sébastien Ogier akashinda. Gari ya kiwanda yenye mafundi wote wale, shokapu moja tu. Mi nikiona hivyo sipati hamu ya kuiongezea mzigo shokapu yangu mimi bila sababu.

Na mzigo wenyewe unaonekana kama joto. Ule mwendo wote inaouzuia haupotei, unageuka joto ndani ya oili, oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, na kwenye shokapu zisizo na gesi ya kutosha inachanganyika na hewa inatoa povu, hapo pistoni inapita kwenye povu na shokapu inakuwa haipo kwa muda. Ndo maana gari iliyokuwa tamu asubuhi inaweza kuogelea mchana. Zile za gesi ya naitrojeni zinavumilia zaidi, zile za mwili mnene zenye oili nyingi pia, lakini hakuna isiyochoka, na dawa pekee ya njiani ni kupunguza mwendo au kusimama zipoe.

Hilo joto mi nalitumia kama kipimo. Nikisimama baada ya kipande kirefu cha vumbi nazunguka gari nasogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuishika, maana inaunguza kweli kweli. Zinatakiwa zifanane, kushoto na kulia. Ikiwepo moja imepoa wakati mwenzake inachoma, ile iliyopoa ndo mbovu, haifanyi kazi, mwenzake anafanya kazi ya wawili.

Kipimo kingine ni kinobu chenyewe. Kila baada ya msimu wa mvua nikishavisafisha nazungusha kila kimoja kutoka 1 mpaka 9 na kurudi, ili visigande na tope, na napita tuta moja zote zikiwa 1 halafu tuta lile lile zikiwa 9. Tofauti inatakiwa isikike wazi kabisa, hata abiria asiyejua chochote aisikie. Kama kwenye ekseli moja namba 1 na namba 9 zimekuwa kitu kimoja, basi oili imeisha nguvu au kipini cha ndani kimekufa, na hapo hakuna tena cha kurekebisha, zinatoka zote mbili za ekseli hiyo kwa pamoja, haijalishi moja inaonekana nzima.